Baba alibeba mbegu kwenda kupanda, kumbe mvua ilikuwa kwenye kichupa

Wakuu, salaam. Mimi huwa nasoma tu humu, sichangii. Leo nimeshindwa kunyamaza, na sijaongeza chumvi hata punje. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole, mnivumilie.

Tunaishi Ihumwa, Dodoma. Dada yangu Neema anasoma chuo hapa mjini.

Alivyonieleza, ile harufu ya vumbi likipigwa na mvua ya kwanza hutengenezwa na bakteria wa udongoni. Wao chuoni wamechukua jeni yake, wakaipandikiza kwa bakteria wa maabara, nao sasa wanatoa harufu hiyo hiyo. Eti ni ya kutengenezea perfume!

Juzi akaja nayo kwenye kichupa, imeshachujwa, haina bakteria tena. Nikakifungua dirishani.

Wakuu! Mwili wote ulisisimka.

Baba alikuwa amejilaza barazani. Akainuka kama kaitwa.

"Mama Neema, unasikia? Mvua hiyo, iko hapo kwa jirani!"

"Mbingu nyeupe hivi, mvua gani?" Lakini mama mwenyewe tayari anaanua nguo.

Kwa wasiojua, huku kwetu tunawahi kupanda mtama udongo ukiwa mkavu, mvua iukute. Ukikosea, mvua ikachelewa, sisimizi na kuku wanakula mbegu yote. Na baba alikuwa na debe moja tu la mbegu.

Akalibeba, jembe begani, huyoo shambani.

Namtazama Neema aseme. Amekaa chini, anacheka mpaka machozi, neno halitoki!

Mimi sijawahi kumpinga baba. Hata shikamoo namwamkia nikitazama chini. Nikatoka mbio na kichupa mkononi. Nafika, mkono wake umeshazama kwenye mbegu.

"Baba, usimwage! Mvua ninayo mimi!"

Sauti ilitoka kubwa, nikashtuka mwenyewe.

Akanusa kichupa. Akatazama juu. Akanusa tena. Nikamweleza habari za bakteria wa Neema.

"Kwa hiyo nimepigwa chenga na wadudu?"

"Ndiyo, baba."

Alicheka mpaka jembe likamdondoka. Nami nikacheka, tukashikana mabega.

"Mwambie dada yako, hao wadudu wake sasa wajifunze na kunyesha."

Mbegu ipo salama. Kichupa amekichukua baba, kila jioni ananusa "kidogo tu".

Nilichojifunza: pua ya mkulima haingoji macho. Na sisi wapole sauti tunazo, zinangoja siku yake.

Haya wakuu, ungepewa bakteria wakutengenezee harufu moja, ungechagua ipi? Mama ameshaagiza ya nyama choma.