Siku Tuliyogombana Tena

Mke wangu aliuza asali sokoni Kibondo, na mimi ndiye niliyeirina. Kazi ya mizinga inataka mtu mkimya, kazi ya soko inataka mtu wa maneno, na maneno alikuwa nayo. Tulibishana kuanzia chai ya asubuhi: mvua itanyesha au haitanyesha, mbuzi auzwe au abaki, nani kaacha mlango wa jikoni wazi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani wakatulia kijiji kimoja huko Kasulu, kwa hiyo nyumbani kwetu Kiha changu na Kirundi chake vilichanganyika na Kiswahili, na akikasirika alichota kote.

Kiharusi kilimkuta sokoni, faneli mkononi, anajaza chupa. Hospitali walimwokoa. Mguu ulirudi taratibu, mkono wa kulia ukabaki mzito, na katika maneno yake yote likasalia moja tu: "kesho". Ukimuuliza kama ana njaa, kesho. Akitaka maji, kesho. Akilia, kesho, kesho, kesho.

Watu walikuja kumwona. Wengine walimpigia kelele sikioni kama kiziwi. Wengine waliniuliza mimi, na yeye ameketi pale pale: "Anakula? Anatutambua?" Nami nilijibu. Nikawa mdomo wake, nikimchagulia nguo, chakula, hata saa ya kulala. Nyumba ikapoa kabisa.

Ndipo muuguzi mmoja akatuambia kwamba Kasulu yupo binti anayefanya kazi na watu waliopoteza usemi baada ya kiharusi. Tukapanda basi.

Yule binti alizima kwanza redio iliyokuwa dirishani. Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mke wangu.

"Mama, shikamoo."

"Kesho," akajibu mke wangu, na mlio wake ulikuwa wa marahaba kabisa.

Binti akatabasamu. "Mama, chai unapenda na sukari, au bila sukari?"

"Na sukari," nikasema.

"Baba, nimemuuliza mama."

Akakunjua viganja vyake. Huku sukari, huku bila sukari. Akasubiri. Kimya kile kilinichoma, nikatamani kukijaza, lakini binti hakuondoa macho kwa mke wangu. Mwishowe mke wangu akainua mkono wa kushoto na kugusa kiganja cha pili. Bila. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu augue. Kumbe tangu atoke hospitali nilikuwa namkorogea sukari nikidhani nampa nguvu!

"Ugonjwa huu unaitwa afasia," binti akatuambia. "Akili yake ipo, baba. Anajua anachotaka kusema, ila maneno hayatoki. Sasa mtayatafutia njia nyingine, nyinyi wawili."

Akatufundisha siku ile na siku nyingine tulizorudi. Niulize jambo moja kwa wakati mmoja. Nimpe mambo mawili achague, dole gumba juu likiwa ndiyo na chini likiwa hapana. Achore kama anaweza, aonyeshe kwa mikono. Nisubiri. Na nisijifanye nimeelewa kama sijaelewa.

Siku ya kwanza nilirudi nimewaka kama kijana aliyefaulu mtihani. Njia nzima hadi Kibondo nilimuuliza. Dirisha lifungwe, au libaki wazi? Tununue ndizi, au karanga? Abiria wakatutazama. Yeye akajibu, akajibu, mpaka akachoka, akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Nikacheka chini ya kiganja hicho.

Lakini lipo jambo sikuwa nimemuuliza. Jirani yake sokoni, muuza nguo, mtu mwema, aliomba achukue meza yetu, nami nilimkubalia. Nilimwambia mke wangu mchana mmoja tukiwa uani.

"Kesho!" akapaza sauti. Akasukuma sahani. "Kesho, kesho!"

"Hutaki?"

Dole gumba chini, kwa nguvu.

Akaokota kipande cha mkaa, akachora kwenye sakafu ya saruji kwa mkono wa kushoto. Mstari, na miguu miwili iliyopinda.

"Kitanda?" Chini. "Ng'ombe?"

Akanitazama kwa huruma. Juu ya mstari akachora chupa ndogo, nyingine kubwa kidogo, na nyingine kubwa zaidi. Kisha akavuta kigoda nyuma ya mchoro, akaketi, akajifunga kanga vizuri kama alivyofanya kila akifungua biashara.

"Unataka kurudi sokoni. Wewe mwenyewe."

Juu!

"Haiwezekani. Wateja watakuelewaje?"

Akagonga chupa moja kwa kidole, akagonga nyingine. Mteja ataonyesha anayotaka.

"Na wakikuibia?"

Akavua kandambili, akainyanyua.

"Mimi nimeshamuahidi yule bwana, mama! Nitamwambia nini?"

"Oya!"

Oya ni hapana kwa Kirundi chake, na lilikuwa limetoka zima. Akashika midomo yake. Akalijaribu tena polepole: "Oya." Halafu akanigeukia na kunirushia kama mawe: "Oya! Oya! Oya!"

Mama wa nyumba ya jirani akaingia mbio, mikono ina unga. "Baba, jamani! Mgonjwa huyu, unamfokea?"

"Tunagombana, mama!" nikamwambia, machozi yananitoka. "Njoo uone, tunagombana!"

Alidhani nimerukwa na akili. Mke wangu akaanza kucheka, nami nikacheka naye.

Nilikwenda kumwomba radhi muuza nguo. "Kama dada anarudi," akasema, "mimi nani?" Akamsaidia kupanga chupa asubuhi aliyofungua. Mwanzoni wateja walimpigia kelele, wakamkatisha kabla hajamaliza. Siku hizi wanasubiri. Maneno yanaongezeka, mengine yanakosea njia: juzi mbuzi wetu aliitwa godoro, na nilipomrekebisha tulibishana vizuri sana.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyesikia habari zetu alimleta baba yake kutoka Buhigwe hadi mezani kwetu sokoni, dereva mstaafu aliyepoteza usemi. Mke wangu akamsalimu mzee. Kijana akajibu kwa niaba yake. Mke wangu akamnyooshea kiganja, anyamaze, akamvutia mzee kigoda karibu.

Mimi na kijana tukawaacha, tukasimama penye duka la yule muuza nguo, ng'ambo ya njia. Kwa mbali niliona mikono ikienda huku na huku, mzee akizungusha usukani hewani, mke wangu akishika kichwa kwa mshangao. Ghafla wote wawili wakaangua kicheko.

"Wanacheka nini?" kijana akaniuliza.

"Sijui," nikasema. "Twende ukamuulize mzee mwenyewe."

Akavuka njia kwa haraka, akachuchumaa mbele ya baba yake.