Lori Lililofundishwa Kusalimia

Nakumbuka, mwanangu, ile siku niliyopanda juu ya bampa la lori kuukuu pale Nachingwea, bisibisi mkononi na mapenzi moyoni, na vyote viwili sikujua kuvitumia. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu si muda mrefu. Nilikuwa na shahada, viatu vilivyochongoka mbele, na imani kwamba wilaya nzima ilikuwa imekaa inanisubiri mimi ili ianze kuendelea.

Lori lilikuwa la Mzee Mkwinda, mkulima wa korosho na ufuta, mtu mrefu na mkavu, aliyeongea polepole kama anayepima kila neno kwenye mizani. Lilikuwa likienda vijiji vya Ruangwa kubeba ufuta wa watu na kuuleta Nachingwea. Spidomita yake ilikufa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Nyuma, kwenye ubao wa bodi, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: USINIFUATE. Na mimi, msomi nisiyesoma kilichoandikwa mbele ya macho yangu, nilikuwa nimekuja kulifungia kifaa cha kulifuata kwa setilaiti.

Nikuambie ukweli, ufuta haukunihusu. Kilichonihusu ni Zainabu, mtoto wa dada yake mzee. Kwetu kule, kama ulivyokwisha kuona kwenye harusi za ndugu zako, baba wa binti anaweza kukubali kwa meno yote na posa isifike popote. Neno lenyewe liko kwa mjomba. Na mjomba alikuwa huyo huyo Mzee Mkwinda, ambaye nilikuwa nimesikia analalamika kwamba lori likishaondoka hajui liko wapi, na salamu inamfikia imechelewa. Dereva wake, Hemedi, hakuwa na simu. Zote alizowahi kununua ziliishia kwenye madimbwi ya barabara.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam alikuwa amenionyesha kifaa chenye ukubwa wa pakiti ya sigara. Unakitia laini ya simu, unakifunga kwenye gari. Ukikibipu, kinakata, halafu kinakuletea ujumbe wa mahali gari lilipo. Wewe umekua wakati wa vifurushi, kubipu hukujui. Ulikuwa unapiga, ikiita mara moja unakata, ili mwenzako mwenye salio akupigie. Tatizo ni kwamba Nachingwea nzima tulikuwa tukibipiana na hapakuwa na mpigaji. Kwa hiyo kitu ambacho ukikibipu kinajibu kwa gharama yake, kwetu kilikuwa muujiza.

"Mzee," nilimwambia, "kuanzia leo lori lako litakuwa na namba."

"Lina namba," alinijibu. "Mbele na nyuma."

"Namba ya simu, mzee."

Alilitazama lori, kisha akanitazama mimi. "Litaongea na nani?"

Nilifunga nyaya mwenyewe, maana fundi angenipunguzia sifa. Nilipomaliza, kifaa kilifanya kazi vizuri, ila waipa zilikuwa hazichezi mpaka upige honi. Hemedi alijaribu mara kadhaa, akatikisa kichwa.

"Ndugu msomi," alisema, "sasa mvua ikinyesha, watu wote mpaka Ruangwa wataniona nina hasira."

Mambo yalianza vizuri. Mzee alikuwa akibipu lori mbele ya wageni, lori linajibu, na Zainabu anamsomea, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yamechoka. Tatizo likawa kile kilichosomwa. Kifaa kilileta tarakimu tupu na maneno mawili ya Kiingereza. Baada ya siku chache mzee akaniita.

"Lori lako halina adabu," alisema. "Mtu mzima analiita, linakata simu. Halafu linaleta hesabu. Hata shikamoo?"

"Ni mashine, mzee."

"Imetengenezwa na nani?"

"Na watu."

"Na hao watu hawasalimiani?"

Hapo, mwanangu, mtu mwenye akili angecheka, akaeleza, yakaisha. Mimi nilikuwa natafuta mke. Nikasema, "Usijali mzee. Nitalifundisha."

Nikanunua laini nyingine, nikaitia kwenye simu yangu ya zamani, nikamwambia mzee kwamba hiyo ndiyo namba mpya ya lori. Tangu siku hiyo mzee akilibipu lori, inaita simu yangu. Mimi nabipu kifaa, kifaa kinanipa tarakimu, nazilinganisha na ramani niliyoibandika ukutani, kisha namwandikia mzee kwa niaba ya lori: "Shikamoo mzee. Niko Chiola, naendelea na safari. Kwa heshima na taadhima, lori lako."

Mzee alifurahi mpaka akanipa kuku. Na alipoona kwamba lori lina lugha, akaanza kuliuliza maswali, Zainabu akimwandikia. "Umeshiba?" Nikajibu kwamba nimekunywa dizeli ya kutosha, alhamdulillahi. "Tairi la nyuma vipi?" Nikajibu kwamba linaniuma kidogo nikipita kwenye mawe. Mimi, niliyeandika tasnifu ikasifiwa na maprofesa, nilikuwa nimekaa kitandani nikitafuta maneno ya kueleza maumivu ya tairi.

Ukaja ujumbe mwingine: "Yule kijana aliyekufungia mashine unamwonaje?"

Nilifikiri sana. Nikaandika: "Ni kijana msomi, mpole, hana makuu." Nikausoma, nikaona haunitoshi. Nikafuta "hana makuu" nikaweka "mnyenyekevu kuliko vijana wote wa rika lake." Nikautuma.

Basi posa ikapangwa. Wiki hiyo Hemedi alikuwa amekwenda Ruangwa kupakia ufuta. Kifaa kikaniambia lori liko Chinongwe. Siku ya pili, Chinongwe. Kisha kikanyamaza kabisa. Nilibipu, nikabipu tena, hakuna kitu. Na mzee naye alikuwa akinibipu mimi.

Nilipaswa kusema lori halijibu. Lakini niliwaza kwamba mjomba mwenye wasiwasi hatoi binti. Nikaandika: "Shikamoo mzee. Bado niko Chinongwe, tunapakia. Hemedi ni mzima na anakula vizuri." Hicho chakula cha Hemedi nilikipika kichwani mwangu.

Siku ya posa wazee wetu wakaenda, wakiongozwa na baba yangu mdogo. Kwa kawaida mposaji anabaki kwao akijifanya hajui kinachoendelea, lakini mzee alisisitiza nifike ili niwaeleze wageni habari za lori. Nikakaa pembeni ya mkeka karibu na mlango. Nyuma ya pazia nilijua yuko Zainabu, na nilijitahidi kukaa kama mtu anayestahili kutazamwa.

"Kabla hatujaingia kwenye shughuli yenu," mzee alisema, "nataka mjue kwamba lori langu linasalimia."

"Linasalimia?" baba mdogo alishangaa. "Mimi mbuzi wangu nikiwaita hata hawageuki."

"Linasalimia, na linanipa habari za dereva. Jana limeniambia yuko Chinongwe, mzima, anakula vizuri."

Nje tukasikia pikipiki ikizimwa. Sauti nyembamba ikapiga hodi, na pale mlangoni akatokea Hemedi, amejifunika blanketi mpaka kichwani, meno yanagongana, betri ya lori ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Hemedi!" mzee aliinuka. "Una nini?"

"Homa, mzee. Imenikamata Chinongwe, nikalala hata kusimama siwezi. Nikaona betri itolewe kwenye lori isije ikaibiwa, na nilipopata pikipiki nikaja nayo."

"Lakini lori limeniambia unakula vizuri!"

Hemedi, na homa yake, alitafakari jambo hilo. "Lori limesema nini?"

"Mbona hukunitumia salamu?"

"Nitume za nini, mzee? Si tuliambiwa mashine inasema yenyewe?"

Mzee aliitazama betri, ambayo bila hiyo mashine isingeweza kusema. Akanitazama mimi. Kisha akachukua simu yake, akaisogeza karibu na macho, akalipigia lori. Safari hii hakukata.

Mfukoni mwa suruali yangu jogoo akawika. Ndio mlio niliouweka, mwanangu, nikiona ni wa kisasa. Baba mdogo aligeuka kutazama uani. "Jogoo gani huyo saa hizi?" Jogoo akawika tena. Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajiziba mdomo, akashindwa.

"Pokea," mzee alisema.

Nikapokea. Sijui kwa nini niliiweka simu sikioni, maana mtu aliyenipigia ningeweza kumgusa goti.

"Haloo," mzee aliongea kwenye simu yake. "Ni lori?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwenye mkeka wako, mzee."

Wageni walicheka mpaka wengine wakalala ubavu. Hata Hemedi alicheka huku akitetemeka. Mzee hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Zamani," alisema, "Hemedi akifika mahali, alikuwa anamwita dereva yeyote anayepita. Kamwambie mzee niko mahali fulani, kichwa kinaniuma, nitachelewa. Salamu ilifika imechelewa, lakini ilikuwa yake. Mimi nilipotaka lori lisalimie nilikuwa namtafuta Hemedi. Wewe ukanitungia hadithi. Ungeniambia tu lori limenyamaza, ningetuma mtu Chinongwe siku ileile. Huyu angeweza kufa huku mimi najivunia adabu ya gari."

Ndipo nilipokumbuka kwamba simu bado iko sikioni, nikaishusha.

"Posa yenu nimeisikia," mzee aliwaambia wazee wetu. "Leo sijibu. Kijana, mpeleke mgonjwa hospitali, ukae naye mpaka apone. Akipona atakuja aniambie yeye mwenyewe habari zako. Lori tumelisikiliza vya kutosha."

Basi nikahamia wodini. Nilimfulia Hemedi, nilimpikia uji, nilimshika mkono akienda chooni. Na Hemedi, homa ilipoanza kushuka, akagundua cheo alichopewa.

"Uji umepoa, msomi."

"Nimeuleta sasa hivi, kaka Hemedi."

"Mimi sisemi kitu. Nakumbuka tu kwamba mjomba anasubiri habari."

Nikaupasha moto.

Siku moja Zainabu alileta chakula. Alinikuta nakamua nguo, akasimama akinitazama kwa raha yake.

"Mimi nilijua tangu ujumbe wa kwanza," alisema. "Lori gani la Nachingwea linaandika taadhima?"

"Na hukusema?"

"Nilitaka nione utafika wapi. Hata lile swali la kijana unamwonaje, mjomba hakuliuliza. Nililiandika mimi." Akaweka chakula chini. "Mnyenyekevu kuliko vijana wote wa rika lake! Nilicheka mpaka mama akaniuliza nina nini."

Alipoondoka nilibaki na nguo mbichi mkononi. Nilijua kwamba mtu ninayemtaka ameniona nilivyo, na uamuzi sasa uko kwa mwanamume anayelalamikia uji.

Hemedi alipopona akaenda kwa mzee, mimi nikasubiri nje ya uzio. Maneno yake niliyasikia yote, alihakikisha nayasikia.

"Uji hajui kupika," alisema. "Nyaya hajui kufunga, waipa zangu ni ushahidi. Lakini nimemuuliza mambo mengi pale wodini. Lini nitatoka, dawa hii ni ya nini, kama lori liko salama. Siku za kwanza alikuwa na jibu la kila kitu. Siku za mwisho akawa anasema, sijui kaka, ngoja nikaulize. Na anakwenda kweli kuuliza."

Nikasogea karibu na uzio.

"Mwite aingie," mzee alisema. "Na wazee wao waambiwe waje tena."

Mwanangu, sikusimulii haya ili uogope vyombo. Mzee hakukitoa kile kifaa. Kiliendelea kuonyesha lori lilipo, na Hemedi akarudi kutuma salamu zake kwa madereva wenzake. Leo simu iliyo mkononi mwako inajua uliposimama kuliko unavyojua wewe. Itumie. Ikikuonyesha gari lilipo, ishukuru. Ikinyamaza, sema imenyamaza, na usiisemee. Usimjibie mtu usiyemuuliza, hata kama jibu lako ni tamu na anayesubiri atafurahi, kwa sababu huyo uliyemjibia anaweza kuwa amelala mahali anakuhitaji. Na ukimpigia mtu, msalimie kwanza, umsikilize sauti, ndipo umuulize yuko wapi.

Mungu akulinde barabarani na nyumbani. Akupe wakwe wakali wa kukunyoosha na wenzi watakaokucheka bila kukuacha. Na siku utakapoulizwa jambo usilolijua mbele ya watu unaotaka wakupende, akufungue mdomo useme hujui. Amina.