Bomba la Inchi Tatu

Fundi wa ekzosi alichukia watu wanaomumunya maneno, na siku hizi karibu kila mtu alimumunya. Mume wa bintiye alipoleta pikapu yake iongezwe nguvu, akaomba bomba la moshi la inchi mbili na nusu, mzee alimkatisha.

“Sema kiume, baba! Hilo litaibana injini. Tunaweka la inchi tatu.”

Alilichomelea mwenyewe, gari likawashwa, akainama kusikiliza, kama alivyopima mabomba maisha yake yote. Lilinguruma kwa upole, tamu kabisa. Akageuka kujitapa.

Mkwewe alikuwa ameziba masikio.

Gari likazimwa. Mke wa fundi alisimama mlangoni na mjukuu anayelia, midomo ikimcheza. Mzee akafungua kinywa amkaripie kwa kumumunya, ndipo akaona mishipa ya shingo ilivyomtoka.