Jiko la Mkono wa Kushoto

Kwa miaka kumi na minne Maurice alitengeneza makabati ya jikoni Migori mjini. Wenye nyumba ndogo walimtafuta kwa kuwa alijua kuitumia kona ambayo fundi mwingine angeiacha ikusanye vumbi, na mlango wa kabati lake ulijifunga bila kelele. Nyumbani kwake Lambwe, alikorudi kila Jumamosi, mkewe Truphena alipika kwenye mafiga ndani ya kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Kila Januari Maurice alisema kwamba mwaka huu hautapita kabla hajamjengea jiko. Truphena alikuwa ameacha kumkumbusha.

Alianguka Jumanne asubuhi akikoroga uji. Maurice alikuwa Migori, anafunga bawaba kwa mteja. Jirani yao Pamela ndiye aliyemkuta jioni, amelala kando ya majivu, macho wazi, hawezi kusema. Daktari alisema ni kiharusi. Maneno yalirudi baada ya miezi mitatu, mazito, yakitoka moja moja. Mkono wa kulia haukurudi, na mguu wa kulia ukawa wa kuburuta.

Binti yao Beverly, aliyeolewa Karungu, alikuja kumpikia. Truphena alikula akiwa ameinamisha uso, kisha siku moja akamwambia binti arudi kwa watoto wake, maana mama wa nyumba asiyegusa chungu ni mgeni tu.

Maurice akafunga karakana. Alimkalisha mkewe kwenye kigoda, akamwomba anyooshe mkono wa kushoto mbele, kando, juu, na kila ulipofika akatia alama ya penseli ukutani. Jiko zima alilijenga ndani ya alama zile. Lilikuwa la hatua tatu kwa mbili. Meza ilifika mapajani mwa mtu aliyeketi. Droo zilivutika kwa kidole kimoja. Kando ya meko ya gesi aliweka fremu ya mbao ya kuibana sufuria isizunguke mwiko unapokoroga, na kwenye ubao wa kukatia akapigilia misumari miwili ya kushika kitunguu. Dirisha alilifanya pana kuliko mlango. Rangi alichagua Truphena, kijani cha majani ya mpunga. Waliopita walisema ni jiko la kuchezea watoto.

Siku ya kwanza Truphena alipika dagaa wa omena na ugali. Ugali ulikuwa na mabonge. Katikati ya kula Truphena akaweka tonge chini.

"Baba Beverly, ungelijenga nikiwa bado na mikono miwili."

"Najua," Maurice akasema.

Hawakulizungumza tena. Truphena alipika humo siku kumi na tisa, akikataa kusaidiwa hata kubeba maji, na mara mbili Maurice alimsikia akiimba. Siku ya ishirini kiharusi kilirudi, akakata roho njiani, wakimpeleka hospitali Homa Bay.

Kwenye matanga akina mama waliingia jikoni mle wakatoka wameshika viuno kwa kuinamia ile meza fupi, wakawasha moto nje. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walimshauri Maurice aiinue ile meza, kwa sababu mwanamume hakai peke yake milele, na atakayekuja atataka kusimama. Pamela naye, kwa heshima, aliuliza kama makabati yangeuzwa. Maurice aliwashukuru wote, akafunga mlango kwa kufuli, akarudi Migori.

Siku hizi anatengeneza vitanda na milango. Juzi alikuja mwalimu mmoja aliyepanga chumba kimoja, ana picha za jiko dogo maridadi kwenye simu, akasema ameambiwa hakuna anayemshinda. Maurice alizitazama picha moja baada ya nyingine, akamrudishia simu. Alimwambia kwamba macho yake hayasomi tena vipimo vidogo, akamwelekeza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Macho yake hayana neno.