Kulibeba Jeneza la Dympna

Asubuhi ya maziko Fintan Magill hakumlilia mkewe, Dympna. Rohoni alikuwa na jambo moja tu: mwanawe Cormac atalibeba jeneza pamoja naye, au atakataa?

Kwao, Belfast magharibi, maiti haipakiwi garini mlangoni ikaenda zake. Hubebwa mtaa mzima, wanaume wakipokezana, wawili wawili wanaolingana kimo. Na wale wawili hushikana mabega chini ya jeneza lisije likayumba. Mbele hukaa mume na mwana. Mwana asipomshika babaye, mtaa utaona.

Fintan alizoea kutazamwa. Mtoto wa mwoka mikate, aliingia vitani dhidi ya Waingereza hata ndevu hazijamwota, akala jela, akatoka kamanda. Akipita, watu walinyamaza. Polisi hawakuingia mtaani ila kwa magari ya deraya, kwa hiyo wezi walihukumiwa na watu wake: risasi ya goti. Kijana aliitwa kwa miadi kama anayekwenda kung'olewa jino, naye alikwenda, maana akikimbia haoni kwao tena.

Cormac aliponaswa akiwa na gari la wizi, bado mtoto wa shule, mama yake Jarlath alimkabili Fintan dukani. Jarlath wake alikuwa kitandani, goti limefungwa bendeji kwa hukumu ileile.

"Haya, kamanda, tuone sasa," alisema. "Au risasi zako zinachagua mlango wa kubisha?"

Angeweza kumtorosha mwanawe. Wapi! Heshima yake je? "Hakuna cha mtoto wa kamanda," alisema, na wajinga wakamsifu kwa neno hilo kila baa. Dympna ndiye aliyemsindikiza mtoto hadi uchochoroni, kwenye miadi ya risasi. Alimvalisha suruali kuukuu, ile nzuri isiharibike. Jioni akamwekea mumewe sahani mezani, akaondoka, na hakuketi kula naye tena hadi anakufa. Cormac alitoka hospitali na goti bovu, akahamia Glasgow.

Amani ikaja. Fintan akapeana mikono na waliomfunga, akapewa kiti kwenye kamati, akapigwa picha akicheka. Siku zile walisameheana wakubwa kwa wakubwa. Goti la Cormac hakulitaja mtu.

Sasa Cormac alikuwa jikoni, mtu mzima mwenye mvi na mkongojo, chai imempoa mkononi.

"Tunalingana kimo," Fintan alimwambia. "Tukae mbele, mimi na wewe."

"Tulikuwa tunalingana, Mzee. Siku hizi nimelalia upande."

"Mama yako angependa."

"Leo usimtaje mama kwa mdomo wako huo." Cormac akauegemeza mkongojo ukutani. "Nitambeba, ni mama yangu. Ila wewe usiniguse."

Wakatoka. Padri mbele, mtaa umejaa pande zote mbili. Baba na mwana walikuwa bega kwa bega, kila mmoja mkono wake ukining'inia, na jeneza likaanza kuyumba.

"Shikaneni, jamani!" mtu alinong'ona nyuma. "Mtamwangusha!"

Walipofika kwenye ule uchochoro, goti la Cormac likagoma. Jeneza likainama, wanawake wakaguta. Fintan akamdaka mwanawe, mkono ukamzunguka mabega, akambana kwa nguvu zake zote za uzee. Jeneza likatulia. Na maskini, alifurahi! Mkewe yuko begani, maiti, naye anafurahi kwamba amemshika mtoto wake.

"Toa mkono," Cormac alisema.

"Utaanguka, mwanangu."

"Mbona mara ya kwanza uliniacha nianguke? Si hapahapa? Toa!" Kisha akapaza sauti, mtaa wote ukasikia: "Jarlath! Njoo umpokee huyu."

Jarlath akatoka kwenye umati, akichechemea. Akaingia chini ya jeneza bila kumtazama Fintan. Wakashikana mabega, viguru wawili, wakaanza kwenda. Kwa kuchechemea kwao walipanda pamoja na kushuka pamoja, polepole, na jeneza halikuyumba tena.

Fintan akafuata nyuma. Kila ilipofika zamu ya kupokezana alisogea, na kila mara mtu mwingine alimtangulia. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna aliyempisha. Dympna akafika makaburini bila mumewe kumbeba tena.