Futa Nyama, Acha Misiba

Jumanne nilikuwa kwenye ofisi moja ya bima huku ughaibuni, Marshalltown. Mbele yangu fundi cherehani Mkongo, mama asiye na mume wala mtoto, alikuwa akipigiwa hesabu ya kustaafu na karani, binti wa Tanga.

“Mama, pensheni haitoshi matumizi yote haya. Tufute hii michango ya misiba.”

Mama akaushika ule mkono wenye kalamu. “Futa nyama, mwanangu.”

“Lakini ni misiba ya watu, mama!”

“Ndio hao watakaonizika.”

Nyama ikafutwa. Mama akatoka kifua mbele.

Zamu yangu ikafika. Mimi kapera, nimetembea nchi tisa na sijawahi kuchangia hata jeneza. Karani akauliza nahitaji kiasi gani nizeeke kwa raha. Nikamwomba radhi, nikamkimbilia mama nje kumuuliza chama chao cha kuzikana hukutana wapi.