Kasoro za Gari Langu

Gari langu limetembea kilomita laki tatu na arubaini elfu na kitu, na hizo ni zile zinazoonekana. Lilipofika hapa kutoka Japani lilikuwa limeshatumika, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba kilomita zake hazijaguswa, kwa uso wa mtu aliyezigusa mwenyewe. Nililinunua nikiwa na miaka thelathini na nne. Sasa nina arubaini na sita, na katika miaka hiyo kumi na miwili hakuna kitu ndani ya gari lile ambacho sijakibadilisha isipokuwa dereva.

Fundi wangu yuko Ng'ambo, si mbali na nyumbani, kwenye kipande cha uwanja nyuma ya maduka. Ni mtu mpole, anaswali kwa wakati, na sina shaka kwamba ameshasomesha watoto wake wawili kwa gari langu. Nikimpelekea breki, hunirudishia gari lenye breki nzuri na taa moja isiyowaka. Nikimpelekea taa, honi hulia peke yake kila nikikata kona. Nikilalamika, huweka mkono juu ya boneti kama anayempima mtoto homa, kisha huniambia injini bado nzima kabisa. Neno hilo nzima nimelisikia mpaka nimelichukia.

Nililinunua kwa sababu ya kazi. Mimi ni mshoni wa mapazia na foronya za mahoteli, na chumba changu cha kazi kiko Mji Mkongwe, ndani ya vichochoro ambavyo gari haliingii hata kwa dua. Kwa hiyo miaka yote hiyo nimekuwa naliacha mbali, nabeba mizigo begani mpaka lilipo, kisha naendesha hadi Kiwengwa kuwatundikia watu mapazia ya kuzuia jua walilolifuata kwa ndege. Siku hizi mahoteli yanatuma magari yao kuja kuchukua. Gari langu halina tena kazi ya kunifanyia. Linakaa mbele ya nyumba siku sita za wiki, na mtaa mzima unaliona ni mali ya mtaa. Limebeba masufuria ya shughuli, limebeba maharusi, limebeba wagonjwa, na mara moja jirani mmoja alinibembeleza tubebe ngisi wa harusi ya mwanawe. Harusi ile imeshazaa watoto watatu na harufu ya ngisi bado imo.

Siku ya saba ni Jumapili, na Jumapili ni ya Mama.

Naishi na mama yangu. Dada yake mkubwa, mama mkubwa wangu, yuko Jambiani, anatunzwa na wanawe. Alilima mwani maisha yake yote, kiunoni majini. Sasa haoni kabisa, na masikio yake yamechoka, kwa hiyo simu haimsaidii. Unaweza kupiga kelele mpaka majirani wakatoka, yeye atauliza ni nani. Anachokijua ni mkono. Mama hukaa pembeni ya kitanda chake, huweka mkono wake katika mkono wa dada yake, na yule bibi huupapasa kidole kwa kidole mpaka afike kwenye kidole kidogo kilichopinda tangu utotoni. Hapo hutabasamu na kulitaja jina la Mama. Wakishafika hapo hawana mengi ya kuzungumza. Wanakaa hivyo mpaka alasiri, na mimi nakaa nje nikilitazama gari nikijiuliza kama litawaka.

Magoti ya Mama hayapandi daladala. Alijaribu mara moja, akanyanyuliwa na wanaume wawili asiowajua mbele ya kituo kizima, akarudi nyumbani. Hakujaribu tena, na mimi sikumwambia ajaribu.

Sasa, mwaka huu, gari lilianza kuchemka. Si kila siku, ni Jumapili tu, na si popote, ni pale Jozani, msituni kwenye njia ya Jambiani, mahali ambapo hakuna duka wala fundi ila watalii wanaopiga picha kima. Jumapili moja nilisimama pale na boneti wazi, moshi unanipanda usoni, jasho linaniingia machoni, nikamwona mtalii mmoja amegeuza kamera kutoka kwa kima akanielekezea mimi. Nilifunga boneti kwa nguvu mpaka kioo cha pembeni kikadondoka. Nikaingia ndani nikamwambia Mama kwamba basi, gari naliuza.

Alijibu pale pale kwamba nikitaka niuze, gari ni langu. Nikamuuliza, na Jambiani je? Akasema Mungu atajaalia. Nikamwambia tutakodi teksi mara moja kwa mwezi. Akasema inshallah, kwa ile sauti ambayo watu wetu huitumia kwa mambo yasiyokuwa. Niliisikia sauti ile vizuri sana, lakini jibu lenyewe lilikuwa limenifaa, kwa hiyo nililichukua jibu nikaiacha sauti.

Nikatafuta dalali. Akaja na pikipiki, akalizunguka gari mara mbili, akasema litauzika ndani ya wiki, mradi tu tuwe na ulimi mtamu. Nilikubaliana naye. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba Mama kila alasiri hukaa barazani kuchagua mchele, na kwamba gari linasimama hatua nne kutoka barazani hapo.

Ni lazima nieleze jambo moja. Kwetu muuzaji anatakiwa aitaje aibu ya kitu chake kabla mnunuzi hajatoa mkono. Ukificha kasoro, biashara ile haina baraka. Sote tumefundishwa hivyo chuoni, tulikosomea Kurani, na sote tunajua namna ya kuipunguza sauti tukifika kwenye kasoro. Mama hajui. Alipokuwa akiuza kanga nyumbani, mimi mdogo, aliwahi kutoka na mvua kumfuata mteja aliyekwisha kuondoka, ili amwambie kwamba doti ile ina uzi mmoja umevutika kwenye pindo. Alirudi ameloa chapachapa, na kanga mkononi, maana yule mteja aliirudisha. Alikuwa na furaha kama aliyeuza duka zima.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mwalimu. Alilipenda gari, akakaa ndani, akashika usukani. Mama akamwita kutoka barazani, akapokea shikamoo yake, kisha akamhadithia. Linachemka. Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani. Mvua ikinyesha, abiria wa mbele analoa miguu. Yule mwalimu alishukuru kwa heshima zote na hatukumwona tena.

Wa pili walikuwa mtu na mkewe. Mke alikuwa mjamzito. Mama alimtazama tumbo, akawaambia kwamba gia ya nyuma inaruka, na kwamba ndani mna harufu ya ngisi ambayo mwenye mimba hataiweza. Yule mwanamke aliingiza kichwa dirishani, akakitoa haraka, na habari ikaishia hapo.

Dalali alinivuta pembeni akanisihi nimfungie bi mkubwa ndani. Alisema ameuza magari yasiyokuwa na injini, lakini hajawahi kufanya kazi katika hali kama hii. Usiku ule nilimwambia Mama, kwa hasira ambayo nilijitahidi kuificha na nikashindwa, kwamba kuanzia sasa kasoro za gari langu nitazisema mwenyewe. Akaniuliza kama nitazisema zote. Nikasema zote. Akaniambia nizitaje azisikie. Nilifika ya tano nikakwama, naye akaniongezea tisa, nyengine hata mimi nilikuwa sizijui. Nilikwenda kulala nimekereka, na zaidi kwa sababu alikuwa na haki.

Wa tatu alikuwa mtu wa kazi. Anatengeneza majenereta katika hoteli moja Kiwengwa, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko, na dalali alikuwa ameshatuambia tangu jana yake kwamba huyu ni fundi, hababaiki. Alifika alasiri. Alimwamkia Mama shikamoo, Mama akaitikia marahaba, kisha nikaanza kuzitaja kasoro zote kumi na nne, moja baada ya nyengine, kama ninayesomewa mashtaka na huku mimi ndiye ninayeyasoma. Kila nikitaja, yeye anaitikia kwa kichwa. Kuchemka, anajua sababu yake. Gia, ana rafiki mwenye kifaa. Mlango, kazi ya nusu saa. Ngisi, yeye mwenyewe ni mtu wa pwani. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu wa namna ile, na nilimpenda kama ndugu.

Tukaafikiana bei. Dalali akaanza kutabasamu. Yule fundi akafuta mkono wake kwenye suruali ili anipe, na Mama, bila kuinua uso kutoka kwenye mchele, akasema:

"Na imeingia bahari."

Mkono wa yule mtu ukasimama. Katika kisiwa hiki unaweza kumwambia mnunuzi kwamba gari limegonga ukuta, limepinduka, limelala shimoni, na bado mkapatana. Maji ya chumvi hayana mapatano. Yakishaingia, bati linaoza kutoka ndani, waya zinakufa mmoja mmoja, na unachokinunua ni kutu iliyopakwa rangi.

Akamuuliza Mama, kwa adabu, lini na wapi. Mama akasema ni kule Jambiani, liliachwa chini ufukweni, maji yakajaa yakalikuta, yakafika kwenye viti. Alieleza vizuri. Hata nguo zilizokuwa ndani alizitaja. Yule fundi akatandika boksi, akalala chali, akajisukuma chini ya gari, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakumtazama Mama. Alinitazama mimi.

"Dada, chini hamna kutu ya kutisha. Kweli imeingia bahari?"

Miaka kumi na miwili gari lile halijawahi kugusa maji ya bahari hata kwa tairi. Lilikuwa neno moja tu la kusema, na Jumapili yangu ingerudi kuwa yangu. Nilimtazama mama yangu, mwanamke aliyetoka na mvua kwa ajili ya uzi mmoja wa kanga. Mikono yake ilikuwa imetulia ndani ya ungo. Hakuniangalia, hakunikonyeza, hakuniomba kitu. Alikuwa anangojea tu nimwaibishe.

"Mama yangu hasemi uongo," nikamwambia.

Yule mtu akaitikia kwa kichwa. Akasema anashukuru, wengine wangemficha. Kabla ya kuondoka alimsogelea Mama pale barazani akamwambia Mungu amlipe kwa ukweli wake. Mama akaitikia amin, kwa sauti ndogo sana. Dalali aliwasha pikipiki yake bila kuniaga.

Nilikaa barazani. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Nikamuuliza gari hili limeingia bahari lini.

"Haijaingia," akasema. "Nshamuomba Mungu msamaha tangu asubuhi. Dalali aliposema anayekuja fundi, nlijua hizo nyengine hazitamtisha."

Kwa hiyo alikuwa ameupanga uongo wake, akautubia kabisa, kisha akakaa na ungo wake kuusubiri wakati wake. Nikamuuliza, na mimi je, niliyeuthibitisha? Akasema mimi nitajiombea mwenyewe. Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Nilimwambia amenitia fedheha kwa mwezi mzima, amewafukuza wanunuzi watatu, na kumbe jambo lenyewe lilikuwa la maneno mawili. Kwa nini hakuniambia tu kwamba hataki liuzwe? Nilimuuliza hivyo mara mbili, na mara ya pili mtoto wa jirani alichungulia.

Mama aliuweka ungo chini.

"Nikwambie vipi, mwanangu? Kila Jumapili unailaani gari hii toka hapa mpaka Jambiani. Kila shimo unalilaani. Tukirudi, unalaani tena. Na mimi nimekaa ubavuni mwako, nasikia. Nikikwambia usiuze, si nnakwambia uendelee kuteseka kwa ajili yangu?"

Nilifungua mdomo nimjibu upesi, kama kawaida yangu, kwamba ninachokilaani ni gari, si yeye. Halafu nikaona kwamba katika Jumapili zote zile sikuwahi kumwambia hivyo hata mara moja.